Filamu za Amin: kicheko kikikosa mahali pake, West Nile hulipa

Jumamosi moja jioni niliketi kwenye kibanda cha video pale Kuluva, kando ya barabara inayoingia Arua. Filamu ilikuwa The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin. Mtafsiri, yule tunayemwita VJ, alitia kichekesho juu ya kila neno la rais. Vijana walivunjika mbavu. Mzee mmoja karibu na mlango aliinuka taratibu, akavaa kofia yake, akaenda zake kabla filamu haijafika nusu.

Ndugu mfanyabiashara, jambo hili si la wapenda sinema peke yao. Wewe unayepeleka mzigo Ariwara, au unayetoka Koboko kupitia Oraba kwenda Kaya, unajua kwamba mali yako ya kwanza ni kuaminiwa. Ukifika Busia ukasema umetoka Arua, utani wa kwanza huwa ni Amin. Mimi mwenyewe nimetaniwa hivyo kwenye dirisha la ofisi moja ya mpakani, karani akiwa ameshika kitambulisho changu. Nilicheka, kwa sababu nilihitaji muhuri.

Utani huo umetoka wapi? Wengi wanaoutoa hawakuwa wamezaliwa Amin alipoangushwa mwezi Aprili 1979. Wamemjua kupitia skrini.

Kwa mandhari, filamu ya 2006 haidaiwi sana. Ilipigwa Uganda yenyewe, na magari, sare na mavazi ni ya miaka ya sabini. Lakini mtazame Kay Adroa, mke wa Amin. Alikuwa binti wa mchungaji wa hapa Arua, Mlugbara aliyefika Makerere. Alifariki mwaka 1974, na mwili wake ukakutwa umekatwa. Filamu imempa mapenzi na daktari wa Kiskoti ambaye hakuwahi kuwepo duniani. Ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Gauni lake limeshonwa kwa uangalifu, ila maisha yake yamebadilishwa ili mgeni apate kisa. Duka likipakwa rangi vizuri na mizani ikawa mbovu, mteja bado ameibiwa.

Filamu ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliharibikia upande wa pili. Mkenya Joseph Olita alifanana na Amin kiasi cha kushangaza. Lakini filamu inarundika unyama juu ya unyama mpaka mtazamaji anazidiwa, anaanza kucheka. Mwaka huohuo, mwezi Juni, wanajeshi wa serikali iliyofuata waliwaua makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua. Kisa hicho hakikupata filamu kubwa iliyozunguka dunia.

Je, tukatae kicheko kabisa? Hapana. Amin alikuwa mcheshi kweli, na ucheshi ulikuwa silaha yake. Barbet Schroeder alilielewa hilo katika filamu yake ya kumbukumbu ya mwaka 1974. Amin anapiga kodiani, anatania, nawe unacheka. Kisha anaonyeshwa kwenye kikao cha mawaziri akimkaripia waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Baadaye msimulizi anakwambia kwamba mwili wa waziri huyo ulikutwa katika mto Nile. Kicheko kinakukwama kooni. Hapo ndipo mahali pake.

Na Ondoga alikuwa Mlugbara. Ninasema hivi si kumsafisha Amin. Wanajeshi wa Acholi na Lango waliuawa kambini kuanzia 1971, na familia zao zina haki ya kusikia ukweli wote. Ninachokataa ni West Nile nzima kufanywa kiwanda cha wauaji, wakati na sisi tulizika watu wetu, kisha baada ya 1979 tukakimbilia Kongo na Sudan.

Tazama pia lugha. Katika filamu hizi, Kiswahili mara nyingi ni sauti ya askari na amri. Katika soko la Arua ni lugha ya kupatana bei na Mkongo. Mtengenezaji filamu anayetaka kuonyesha miaka ya sabini kwa haki aje asikilize huko pia.

Basi tufanye nini? Watengenezaji filamu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam waje wakae na wazee wa Koboko na Arua kabla ya kuandika, si baada ya kupiga picha. Nyumba zetu zina picha za zamani, vitambaa na vitambulisho vya ukimbizini, tusivitupe. Na wewe unayelipa kiingilio kwenye kibanda, iwe unamsikiliza VJ wa Uganda au mtafsiri wa mtindo wa DJ Afro kule Kenya, una haki ya kumwambia: hapa nyamaza kidogo. Wiki mbili baadaye nilimwambia hivyo yule wa Kuluva. Alinitazama, kisha akasema hakuna mteja aliyewahi kumwomba.