Tusisubiri Msingi Uchimbwe

Katika mji kama Kiomboi, wengi wetu hujua kwamba kiwanja fulani kimebadilishwa matumizi siku malori yanapoanza kumwaga mchanga na kokoto. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mbona hili lilikuwa eneo la wazi, mbona kituo cha mafuta kinasogezwa mpaka kwenye ukuta wa shule, mbona mkondo wa maji ya mvua umezibwa. Maswali hayo ni ya haki, ila yamechelewa. Jambo lilishaamuliwa miezi kadhaa nyuma, mezani, kwenye vikao ambavyo hatukuvifuatilia. Wito wangu kwa wakazi wenzangu ni kwamba nguvu tunayoitumia kulalamika baada ya ujenzi kuanza tuipeleke mwanzoni, kabla kibali hakijatoka, na tuipeleke kwa pamoja.

Njia yenyewe ya uamuzi haina siri. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1956, inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na ndani ya eneo la mipango hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi bila kibali. Ombi hupokelewa kwenye idara ya ardhi. Afisa mipango miji hulilinganisha na mchoro, na mhandisi, afisa afya na afisa mazingira hutoa maoni yao. Anayeomba kubadilisha matumizi ya kiwanja anatakiwa kwanza kutangaza kusudio lake hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Lile bango linalosimikwa kiwanjani, ambalo tunalipita kila siku tukienda sokoni, ni mwaliko wa kisheria kwetu sisi. Hata mchoro si kitu cha kutisha. Ni karatasi kubwa yenye rangi, vitalu vimepewa herufi na viwanja vimepewa namba, na ukiisogelea utaona palipoandikwa shule, soko, zahanati, eneo la wazi. Mtu anayejua nyumba yake iko upande gani wa barabara, akielekezwa kidogo, atausoma.

Ugumu unaanza shauri linapofika kwa madiwani. Wilaya ya Iramba ina kata 20, na baraza linalokaa hapa Kiomboi ni la kata zote. Diwani wa Tulya, kule kwenye Ziwa Kitangiri, au wa Kidaru, anapiga kura juu ya kiwanja cha mjini ambacho huenda hajawahi kukanyaga. Si kosa lake. Ana mambo ya wavuvi na wakulima wake, na kuhusu mji wetu hana budi kuitegemea taarifa iliyowekwa mbele yake. Taarifa hiyo huandaliwa na wataalamu na hupitia kwanza kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ikiwa haikutaja kwamba watoto wa shule hukatiza hapo, au kwamba masika maji hupita hapo kwenda bondeni, nani atamwambia? Sauti pekee inayoweza kujaza pengo hilo ni ya wanaoishi jirani na kiwanja hicho, na ikifika baada ya kura haina kazi tena.

Gharama ya kukaa kimya imeshaonekana. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 30. Likaja kubainika kwamba ghorofa zilikuwa zimepandishwa kupita zile zilizoruhusiwa. Novemba 2024 Kariakoo ikazika tena watu wake baada ya jengo jingine kuanguka. Ghorofa haipandi usiku mmoja. Inapanda mbele ya macho ya mtaa mzima, na mtaa usiojua kibali kinasema nini hauwezi hata kuhesabu kwamba idadi imezidi. Upande wa pili tunayo Nairobi ya mwaka 1989, serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi, akatukanwa hadi bungeni, wananchi wakamuunga mkono. Mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa kabisa. Alianza kuandika kabla ghorofa hazijasimama, na bustani ipo mpaka leo.

Wapo watakaosema upangaji ni kazi ya wataalamu. Ni kweli, na hakuna anayetaka kupima viwanja kwa kura. Lakini mtaalamu huhamishwa kituo, sisi tunabaki na mji aliouchora, na kuna mambo ya ardhi hii ambayo hayamo kwenye vitabu vyake. Wengine watasema tutawafukuza wawekezaji. Hoja hii naiheshimu zaidi, maana Kiomboi inahitaji ajira na fedha. Hata hivyo, kinachomtia hasara mwekezaji ni pingamizi linalokuja nguzo zikiwa zimeshamwagwa zege. Linalokuja ombi likiwa bado kwenye faili humgharimu marekebisho ya ramani tu. Kuhusu husuda za majirani zinazoweza kujificha nyuma ya pingamizi, zipo, tusijidanganye. Dawa yake ni hoja kuandikwa na kusainiwa na watu wengi baada ya mkutano wa hadhara, ambapo chuki ya mtu mmoja haina pa kujificha.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Wenyeviti wa vitongoji na vijiji tuliwachagua Novemba 2024. Tuwatake waweke maombi ya ujenzi na ya kubadilisha matumizi ya ardhi kuwa ajenda ya kudumu ya mikutano yetu. Kila kitongoji kichague watu watatu au wanne, wanawake wakiwemo, wa kufuatilia mabango na mbao za matangazo na kumpelekea diwani maoni yetu kabla ya kikao cha kamati, kwa kuwa kamati haikai mbele ya umma. Baraza lenyewe hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu na mlango wake kwa kawaida uko wazi kwa wananchi. Viti vya wasikilizaji visikae vitupu. Halafu tuiandikie halmashauri barua moja, yenye saini za vitongoji vyote vya mji, tukiomba nakala ya mchoro uliopitishwa wa Kiomboi ibandikwe kila ofisi ya kata inayohusika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Barua hiyo iandikwe kwenye mkutano wa kwanza utakaoitwa.