Kabla Mfunge Mitumba, Nionyesheni Shati

Wiki jana ugali ulipoa mezani kwetu kwa sababu ya suruali.

Wacha nieleze. Mama yangu anauza mitumba Gikomba tangu nikiwa darasa la pili. Dadake mdogo, Anti, anashona jinzi kwa kiwanda kimoja cha EPZ huko Athi River. Tunaishi nyumba moja na kodi wanagawana. Sasa tukiwa tunakula, mwanasiasa mmoja kwa TV akasema mitumba ipigwe marufuku ndio viwanda vyetu viinuke. Anti akapiga makofi. Mama akarudisha tonge kwa sahani.

"Wakifunga, hii kodi utalipa peke yako?"

"Na sisi tukifutwa kazi huko, hizo nguo zako utamuuzia nani?"

Kimya. Watu wangu, mnaweza kudhani biashara huria na kulinda viwanda ni maneno ya maprofesa wenye tai. Kwetu ni maneno ya sufuria moja.

Nianze na upande wa Anti, kwa sababu ana pointi. Kenya ilikuwa inajishonea. Kisumu kulikuwa na Kicomi. Eldoret kulikuwa na Rivatex, iliyoanza miaka ya 1970. Ukisikia wazee wakizungumzia hivyo viwanda, ni kama wanaongea juu ya jamaa aliyekufa. Na kiwanda cha nguo hakiajiri fundi wa cherehani peke yake. Nyuma yake kuna mkulima wa pamba, kuna anayechambua, anayesokota uzi, anayefuma, anayetia rangi, dereva wa lori, hadi mama wa chapati pale getini. Miaka ya 1990 serikali ikafungua soko, mitumba na nguo za bei rahisi zikaingia, na viwanda vilivyokuwa vimezoea kulindwa vikaanguka mmoja baada ya mwingine. Mkulima wa pamba akabaki na gunia hana wa kumuuzia.

Lakini wacha tuseme ukweli wote. Mitumba haikuua peke yake. Kulikuwa na mashine kuukuu, usimamizi mbovu, stima ghali, na wakulima waliokuwa wanacheleweshewa malipo yao. Ukimlaumu mama wa Gikomba kwa hayo yote, umemwonea.

Sasa upande wa Mama. Bale moja likifunguliwa, halilishi mtu mmoja. Kuna aliyelibeba kwa mkokoteni. Kuna wateja wa kwanza wanaokimbilia kamera, zile nguo safi kabisa, waende wauze kwa duka ama mtandaoni. Kuna fundi wa kupunguza kiuno, kijana wa pasi, na kuna anayenunua fagia mwisho kabisa akauze kwa bei ya kutupa. Na mnunuzi je? Mimi nimesoma shule nzima na sweta za mitumba. Wengi wenu pia, msijifanye.

Kwa hivyo tukiulizana "kazi zipi zilindwe?", lazima tukubali ziko pande zote mbili.

Kuna wale wananiambia, buda, acha soko lijiamulie. Nawauliza, soko gani hilo? Marekani inayotuhubiria soko huru hutoza fulana ya polyester ushuru wa asilimia 32 ikitoka nchi isiyo na mkataba nao. Wakulima wao wa pamba hupewa ruzuku, hadi Brazil ikawashtaki kwa WTO na ikashinda. Hakuna nchi inayoacha soko lijiamulie mkate wake ukiguswa. Kila mtu analinda kitu, tofauti ni nani ana nguvu ya kulinda.

Na hapa ndipo kazi ya Anti inanitia wasiwasi. Ile jinzi anashona haiendi Uhuru Market. Inaenda Marekani, na ilikuwa inaingia bila ushuru kwa sababu ya AGOA, sheria ambayo Bunge lao lilipitisha mwaka wa 2000. Hata kitambaa chenyewe, sheria hiyo iliruhusu nchi kama yetu kukitoa kwingine, na kingi hutoka Asia. Yaani pamba si yetu, kitambaa si chetu, mnunuzi si wetu. Chetu ni mikono ya Anti tu. Aprili 2025 Trump akatangaza ushuru wake mpya, Kenya ikapigwa asilimia 10. Kisha tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA ukaisha bila kuongezwa. Hiyo wiki Anti alikuwa anaamka saa kumi usiku, si kwa sababu ya matatu, ni usingizi ulikataa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kazi inayotegemea saini ya mtu Washington ndiyo hiyo nguo.

Mnakumbuka 2016? Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba pole pole hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu huko Marekani wakalalamika, na Washington ikatuambia mkifunga mitumba yetu, sahauni AGOA. Kenya ikarudi nyuma haraka. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikakataa, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwa AGOA. Yaani kazi ya Anti ililindwa kwa kuachilia biashara ya Mama iendelee. Walikuwa wanagombana mezani na kumbe wamefungwa kamba moja!

Msimamo wangu ni huu. Sipingi kulinda viwanda. Napinga kulinda hewa. Ukifunga mitumba kesho, yule anayenunua shati ya mia mbili Gikomba hatakimbilia shati ya Kenya ya elfu moja na mia tano. Atanunua mpya ya bei rahisi kutoka China, itakayofubaa baada ya kufuliwa mara tatu. Mama atakuwa amepoteza kazi, na Eldoret haitakuwa imeajiri mtu hata mmoja zaidi.

Kwa hivyo anza na shamba. Mkulima apate mbegu nzuri na alipwe kwa wakati. Punguza bei ya stima, kwa sababu mashine za kufuma hazili hotuba. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, ikazinduliwa upya na Rais Kenyatta 2019 na mashine mpya. Sawa, lakini mashine bila pamba ya kutosha ni fanicha. Serikali pia ni mteja mkubwa. Sare za polisi, mashuka ya hospitali, nguo za wanafunzi, hizo zianze kununuliwa hapa kabla ya kugusa bale la mama yangu.

Halafu kiwanda kikilindwa, kiwekewe tarehe na masharti. Korea Kusini ilipokuwa maskini ililinda viwanda vyake, lakini ilividai viuze nje na vitimize malengo. Sisi tukilinda bila kudai chochote, tajiri wa kiwanda atapandisha bei, fundi atalipwa ile ile, na sisi ndio tutalipia hiyo sherehe. Na sharti la kwanza liwe mshahara wa watu kama Anti. Ukinikataza nguo rahisi kwa jina la mfanyakazi, nionyeshe payslip ya huyo mfanyakazi.

Mjadala wetu haukuisha ile usiku. Lakini Jumamosi Mama alirudi na jinzi moja ya kamera, akamrushia Anti bila kusema kitu. Anti akaigeuza ndani, akapitisha kidole kwa mshono, akasoma lebo. Imetengenezwa Kenya. Ilishonwa huku, ikapanda meli, ikavaliwa na mtu Marekani hadi akachoka nayo, ikarudi ndani ya bale.

"Umeuziwa ngapi?" Anti akauliza.

"Mia tatu."

Anti akacheka, lakini si ile ya furaha. Ikiwa mpya hajawahi kumudu kuinunua.

Sai ndiyo anavaa akienda kazini.