Simu haimjibu mtoto

Pita kliniki ya watoto asubuhi yoyote uangalie kwenye mabenchi. Mama ameshika kadi, foleni ni ndefu, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameanza kulia. Simu inatolewa kwenye mkoba, katuni inawashwa, kilio kinakoma. Waliokaa karibu wanashusha pumzi. Pembeni kuna baba ameinamia simu yake, anajibu ujumbe wa kazini.

Hatumlaumu mama huyo. Ameamka alfajiri, na dakika kumi za katuni kwenye foleni hazitamharibu mtoto. Kinachotutia wasiwasi ni pale dakika hizo zinapohamia nyumbani: simu wakati wa uji, simu wakati mama anapika, simu mpaka mtoto apitiwe na usingizi. Na katika saa hizo hizo mzazi naye yupo kwenye simu yake.

Tukubali kwamba kazi zetu zimebadilika. Zamani mtu akifunga duka au akitoka ofisini, kazi ilibaki huko. Leo duka lipo mfukoni. Mteja anauliza bei ya kitenge saa tatu usiku, bosi anaandika kwenye kundi la WhatsApp wakati wa chakula, na malipo yanaingia kwa simu. Simu hiyo ndiyo inayolipa ada na kodi ya nyumba. Kumwambia mzazi wa namna hiyo aachane na simu ni kupoteza muda wake na wetu. Tunachomwomba ni kidogo zaidi: atenge saa chache ambazo mtoto atapata mtu wa kumjibu.

Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kujibiwa. Akisema “ba”, nawe ukasema “Baba? Baba yuko wapi?”, anakutazama mdomo na kujaribu tena. Akinyooshea kidole kuku, unamtajia jina lake. Kupokezana huko, mara nyingi kwa siku, ndiko kunakojenga lugha. Katuni ina maneno mengi, lakini haijui kwamba mtoto amenyoosha kidole, wala haimjibu. Kwa sababu hiyo, kuzungumza kwa video na bibi aliye kijijini ni jambo tofauti. Bibi anamwita mjukuu kwa jina, anacheka naye, anamsubiri aseme.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hashauriwi kuwekwa mbele ya skrini, iwe ya simu au ya televisheni. Kuanzia miaka miwili hadi minne, muda huo usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni vizuri zaidi. Mwongozo huo pia unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13.

Usingizi ndio unaoibwa kwanza. Mwanga wa simu usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule amepata saa saba tu. Akisinzia darasani au akiwa mkali bila sababu, tuangalie kwanza alilala saa ngapi.

Hapa kuna tahadhari ambayo tungependa kila mzazi aishike. Mtoto akichelewa kusema, usikimbilie kuitupia simu lawama zote, wala usiridhike na maneno ya “hata baba yake alichelewa”. Mpeleke kituo cha afya iwapo ana umri wa mwaka mmoja na hageuki anapoitwa jina; ana miezi 18 na hana hata neno moja, au hanyooshi kidole kuonyesha anachotaka; ana miaka miwili na hawezi kuunganisha maneno mawili kama “mama maji”. Mtoto wa umri wowote aliyekuwa anasema kisha akaacha, mpeleke mara moja. Omba apimwe masikio. Maambukizi ya sikio la kati, pamoja na yale yanayotoa usaha, yanaweza kupunguza usikivu. Wapo pia wenye usonji, na hao wakitambuliwa mapema husaidika zaidi. Kumnyima simu mtoto asiyesikia hakumtibu.

Kwa familia nyingine zote, kuna mambo matatu yanayowezekana hata kwenye chumba kimoja cha kupanga.

La kwanza ni sahani. Wakati wa kula simu zote ziwekwe kando, ya baba na ya mama zikiwemo. Mtoto anayelishwa huku anatazama katuni anafungua mdomo bila kujua ameshiba au bado.

La pili ni kitanda. Simu zizimwe au ziwekwe mbali saa moja kabla ya mtoto kulala. Zichajiwe mbali na godoro. Ikiwa simu ndiyo inayokuamsha, iache mbali kidogo. Mlio wake utausikia.

La tatu ni kazi. Chagua saa moja jioni, kwa mfano saa moja hadi saa mbili usiku, na uwajulishe wateja na wenzako kwamba muda huo hupatikani. Wengi watazoea. Nanyi mabosi mnaosoma safu hii, ujumbe unaoweza kusubiri asubuhi uacheni usubiri. Aliye upande wa pili huenda ana mtoto mapajani.

Dada wa kazi, bibi au jirani anayebaki na mtoto naye aelezwe utaratibu huo, la sivyo mtazuia usiku kinachoruhusiwa mchana kutwa. Jiandaeni pia kwa kilio. Mtoto aliyezoea simu atalia siku kadhaa mkimpunguzia. Mpeni sufuria na kijiko, vifuniko vikubwa asivyoweza kumeza, nafasi ya kukimbia uani. Mwimbieni, hata kama sauti si nzuri. Hajali.

Na siku nyingine ukiwa kwenye benchi la kliniki, kabla hujatoa simu, jaribu kumhesabia vidole au kumwonyesha picha zilizobandikwa ukutani. Akiendelea kulia na ukampa simu, hujatenda kosa kubwa. Ila mkifika nyumbani, iweke yako kando umsikilize. Huenda ana neno jipya, na linahitaji mtu wa kulijibu.