Dawa ya Deni ni Kulipa

Wako watu wasemao kwamba aliyeumizwa bega kwa sindano ya chanjo na anyamaze, kwani akidai fidia atawatisha wengine, nao wataikimbia chanjo. Neno hili lina sura ya hekima, lakini ndani yake mna dhuluma.

Kwanza na tulijue jeraha lenyewe. Chanjo nyingi hudungwa katika msuli wa juu ya mkono. Sindano ikipigwa juu mno yaweza kuukosa msuli ikafika kwenye kiungo cha bega, na bega likavimba kwa ndani. Mtu huyo aweza kukaa miezi mingi asiweze kuchana nywele wala kuvaa shati bila ya msaada. Kosa ni la mahali palipodungwa, si la dawa iliyodungwa. Basi adaiye haki ya bega lake haitukani chanjo.

Tena, aliyechanjwa hakujikinga peke yake. Amemkinga na jirani yake. Faida ikiwa ni ya wote, kwa nini hasara iwe ya mmoja?

Marekani ililijibu swali hili kwa sheria ya mwaka 1986. Mfuko wa fidia uliwekwa, ukajazwa kwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ukingwao na dozi. Mwaka 2017 jeraha la bega likaingizwa katika orodha ya madhara ya kulipwa. Mdai alitakiwa kuonyesha kuwa maumivu yalianza katika muda wa saa 48 na kwamba madhara yalizidi miezi 6. Hakulazimishwa kuthibitisha uzembe wa mtu. Mapema mwaka 2021 ilitolewa kanuni ya kuliondoa jeraha hilo katika orodha, nayo ikafutwa mwaka huo huo kabla ya kuanza kutumika. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1979 kama ilivyorekebishwa baadaye, iliweka sharti la ulemavu wa asilimia 60. Ni bega gani moja litakalofika huko? Mlango uliwekwa, lakini juu ya ukuta.

Watu hawatishwi na fidia. Hutishwa na siri. Jeraha likifichwa, uvumi hulikuza. Likikiriwa na kulipwa, imani hurudi. Serikali iombayo mkono wa raia kwa ajili ya wote imekopa. Dawa ya deni ni kulipa, wala si kumnyamazisha mdai.