Mforosadi Uani

Akina mama wa Voi mnaotamani rasiberi, nawaambia wazi: mmea huo hupenda baridi, afadhali tuwaachie wenzetu wa Wundanyi kule milimani. Joto letu ni la mforosadi. Kata kijiti kilichokomaa cha sentimita 25, ukichomeke nusu ardhini mvua za Novemba zianzapo, mahali palipotiwa samadi iliyooza. Kiangazi uumwagilie maji yaliyooshea mboga. Ya kununua kwa mitungi yana kazi nyingine. Wengi huogopa kuupogoa, na hapo ndipo hukosa matunda. Forosadi huzaliwa kwenye machipukizi mapya. Ukimaliza kuchuma, punguza matawi, mti utachipua na kuzaa tena. Watoto wavae nguo kuukuu, maana doa lake halitoki upesi!