Televisheni za Mitumba: Rahisi kwa Nani?

Ndugu wananchi wa Amani na wa milima yote ya Usambara,

Liko jambo ambalo Chama hakiwezi kulinyamazia. Televisheni kuukuu huletwa kwa makontena kutoka Ulaya, Japani na nchi za Ghuba, kisha hupandishwa milimani na kuuzwa kwetu kwa bei ndogo. Watu husema, "Rahisi!" Rahisi kwa nani?

Tufanye hesabu. Mwenye mali kule Ulaya amekwisha kuichoka televisheni yake. Kuibomoa kwa sheria za nchi yake ni gharama. Akimpa mchuuzi aisafirishe, gharama ile humtoka yeye ikatushukia sisi. Zilianza za kichogo, ambazo kioo chake kimechanganywa na madini ya risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Zikafuata bapa za kwanza, ambazo nyingi humulikwa kwa taa zenye zebaki.

Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Tanga. Tangu hapo, anayenunua ya kichogo hununua na king'amuzi pia. Nazo za Japani hutengenezwa kwa umeme wa volti 100. Iliyo ya volti hizo tu, ukiichomeka katika volti 230 za kwetu bila transfoma, huungua. Hiyo ndiyo rahisi yenyewe!

Je, ikifa inakwenda wapi? Korongoni. Na maji ya makorongo ya Amani huingia mto Zigi, Zigi hujaza bwawa la Mabayani, na Mabayani huwanywesha watu wa Tanga mjini. Basi kichogo kinachopasuliwa huku ili kutolewa shaba ni hatari kwa ndugu zetu walio chini.

Wako watakaosema, "Chama kinataka maskini asipate habari." Uongo! Hatumlaumu mkulima wa iliki wala mchuma chai anayejinyima ili watoto wake waione dunia. Hiyo ni haki yake. Wala hatugombani na fundi: anayefufua chombo kilichokufa anaijenga nchi. Tunayemkataa ni yule aletaye maiti akaiita bidhaa.

Sheria zipo. Mwaka 1991, huko Bamako, nchi za Afrika zilikubaliana kukataa taka za sumu zisiingie barani. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za vyombo vya umeme zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Ndiyo maana taka hubatizwa jina la mitumba! Mlaghai hupita pale mkaguzi anapofumba macho na mnunuzi asipouliza.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, usitoe fedha kabla hujaiona televisheni ikiwaka kwa muda mrefu mbele yako, na udai risiti. Pili, kila tawi lidai Halmashauri ya Muheza itenge mahali pa kukusanyia zilizokufa, zisitupwe mtoni. Tatu, mwenye duka aliyeuza akubali kuipokea ikifa, naye amdai aliyemletea.

Mwaka 1961 tulijitwalia haki ya kuamua kinachoingia nyumbani kwetu. Haki hiyo haitajilinda yenyewe. Pelekeni hoja hii katika mkutano wa tawi lenu, na viongozi waulizwe hadharani: nani anafungua makontena yale, na anaona nini?