Mifuko ya nje haitufai

Ndugu mwandishi, begi ya vifaa vya muziki uliyoisifu ina mifuko mingi ya nje. Huku kwetu hiyo ni hasara. Ukipanda pikipiki toka Baraka kwenda Fizi, vumbi linapenya kila zipu. Ukisafiri kwa boti ziwani Tanganyika, wimbi moja tu linalowesha vyote, na nyuzi za chuma zinashika kutu hata kabla ya kufungwa kwenye gitaa. Kwa wanakwaya nashauri begi ya mgongoni yenye mdomo mmoja, ndani yake kipande cha shitingi. Kila mikro iingie kwenye soksi (safi, tafadhali!). Waya zikunjwe kwa duara kubwa, zisizungushwe kwenye kiwiko. Betri zitolewe kwanza: zikivuja, mikro imekufa.